Mbio ndefu Handeni na Korogwe: Kikwazo si mwinuko, ni haraka

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

USHINDI wa Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia yaliyofanyika Tokyo, Japan, Septemba 2025, uliipa Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya mashindano hayo. Simbu na Mjerumani Amanal Petros walivuka mstari wakiwa na muda uleule wa saa 2:09:48, na ilibidi picha itazamwe kabla ya mshindi kutangazwa. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde.

Furaha ya medali ile ilienea nchi nzima, lakini pamoja nayo ilirudi kauli ya siku nyingi kwamba mbio ndefu ni za watu wa nyanda za juu. Wanaoitoa hawakosi mifano. Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu, John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, na Simbu mwenyewe ni wa Singida, akifanya mazoezi Arusha.

Kwa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kauli hiyo imekuwa kama hukumu. Mji wa Korogwe uko takriban mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, pembeni mwa Mto Pangani, na Handeni mjini ni takriban mita 700. Katika miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 30. Kijana anayeonyesha kipaji cha kukimbia huambiwa ajaribu soka, au asubiri bahati ya kuhamia Arusha.

Hoja ya mwinuko ina ukweli ndani yake, ila imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Ukichunguza namna mkimbiaji wa masafa marefu anavyojengwa, utaona kwamba kinachowakwamisha vijana wa wilaya hizi mbili kwa sehemu kubwa ni haraka: haraka ya kukimbia kwa kasi kila siku, haraka ya kuingia mashindano makubwa, na haraka ya viongozi kutaka kombe ndani ya wiki tatu za maandalizi.

Mwinuko unatoa nini?

Katika sehemu za juu hewa ni nyembamba, na mwili huitikia kwa kuongeza chembe nyekundu za damu ambazo hubeba oksijeni. Faida hiyo huanza kuonekana vizuri kuanzia mita 2,000 hivi, na mtu anapaswa kuishi huko kwa wiki kadhaa. Iten, nchini Kenya, maskani ya mabingwa wengi, iko takriban mita 2,400.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, walichapisha matokeo ya wakimbiaji walioishi mita 2,500 juu na kushuka hadi mita 1,250 kufanya mazoezi, kwa muda wa wiki nne. Muda wao wa mita 5,000 uliboreka kwa sekunde 13 hivi.

Kwa bingwa anayesaka medali, sekunde 13 ni mali. Lakini kijana wa Mkata au Magoma anayekimbia mita 5,000 kwa dakika 18 ana dakika nzima, pengine mbili, za kuokota katika mpangilio wa mazoezi yake kabla ya kuanza kuhesabu sekunde za mwinuko. Anayemwambia kijana huyo kuwa tatizo lake ni Tanga kuwa chini, anampa sababu ya kuacha kutafuta kile kilicho ndani ya uwezo wake.

Isitoshe, si kila bingwa wa Tanzania alilelewa kwenye kilele. Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na baadaye kushinda marathoni ya Berlin mara mbili, mwaka 1987 na 1988, alitoka Majita, kando ya Ziwa Victoria, ambako mwinuko ni mita 1,100 na kidogo.

Arusha mjini nako ni takriban mita 1,400, sawa na Lushoto, mji ambao mkazi wa Korogwe huufikia kwa kupanda milima kutoka Mombo. Kwa hiyo anayedhani Arusha huzaa washindi kwa sababu ya hewa pekee anasahau mambo mengine yaliyoko kule: makocha, makundi ya kufanya mazoezi pamoja, na mawakala wanaojua njia ya kwenda nje.

Somo la Auckland

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Korogwe unapatikana mbali, Auckland nchini New Zealand, mji ulio ufukweni kabisa. Huko, miaka ya 1950, fundi viatu aitwaye Arthur Lydiard alianza kuwafundisha vijana wa mtaani kwake. Msingi wa mafunzo yake ulikuwa miezi ya kukimbia masafa mengi kwa mwendo wa wastani, ikiwa ni pamoja na mzunguko wa kilomita 35 hivi kupitia vilima vya Waitakere kila mwishoni mwa wiki. Mazoezi ya vilima na ya kasi yalifuata baadaye, mashindano yakikaribia.

Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Peter Snell alishinda mita 800, Murray Halberg akashinda mita 5,000, na Barry Magee akapata shaba ya marathoni. Wote walikuwa vijana wa Lydiard. Hata Snell, mkimbiaji wa mizunguko miwili tu ya uwanja, alipitia kilomita zilezile za vilima.

Korogwe ina sura inayofanana na hiyo. Chini kuna tambarare za mkonge za Ngombezi na Magunga, zenye njia za udongo zilizonyooka ambazo ni laini kwa miguu kuliko lami. Juu yake inasimama Milima ya Usambara, ambako barabara za Vugiri na Bungu hupanda kutoka joto la bondeni hadi kwenye ubaridi wa mashamba ya chai. Handeni ina vilima vifupi vifupi vinavyofuatana, mfano mzuri ukiwa eneo la kati ya Chanika na Kideleko.

Viwanja hivyo vya asili havihitaji zabuni wala mkandarasi. Linalohitajika ni ruhusa ya wenye mashamba na mtu wa kumwambia kijana akimbie wapi, lini na kwa mwendo gani.

Kosa la kukimbia kasi kila siku

Kijana asiye na kocha hufanya jambo moja ambalo kwake linaonekana ndilo bidii. Hutoka alfajiri, hukimbia njia ileile, na kila siku hujaribu kuvunja muda wake wa jana. Wiki mbili za kwanza huona mafanikio. Wiki ya nne miguu huwa mizito, ugoko unauma, na ifikapo wiki ya sita ama ameumia ama amekata tamaa.

Sababu inajulikana. Mazoezi ya kasi huchosha misuli na huhitaji siku mbili hivi za kujirudisha. Mazoezi ya polepole ndiyo yanayojenga moyo, mishipa midogo ya damu na uwezo wa misuli kutumia mafuta ya mwili kama nishati. Anayekimbia kasi ya kati kila siku hujichosha asipate mapumziko ya kutosha kukimbia kasi kwelikweli siku inayotakiwa.

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza mazoezi ya wanamichezo wa ustahimilivu wa kiwango cha juu na kukuta kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao hufanywa kwa mwendo mwepesi. Sehemu iliyobaki ndiyo ya jasho la kweli.

Kipimo cha mwendo mwepesi hakihitaji saa ya gharama. Mkimbiaji akiweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzake bila kukatizwa na pumzi, yuko sawa. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, apunguze. Kwa kijana wa dakika 18 katika mita 5,000, mwendo mwepesi ni karibu dakika tano kwa kilomita, na wengi wataona aibu kukimbia taratibu kiasi hicho mbele ya watu. Aibu hiyo ni ya kuvumilia.

Wiki ya mazoezi

Kwa kijana mwenye afya aliyekwisha kukimbia mfululizo kwa miezi kadhaa, wiki moja inaweza kupangwa hivi. Jumatatu ni kilomita sita za mwendo mwepesi. Jumanne, baada ya kupasha mwili moto, apande kilima chenye mteremko wa wastani kwa sekunde 45, mara nane, akishuka kwa kutembea au kukimbia taratibu. Jumatano arudie mwendo mwepesi kwa kilomita nane.

Alhamisi ni siku ya kasi: kilomita moja mara tano, kwa mwendo anaoumudu katika shindano la kilomita tano, akipumzika dakika mbili hadi tatu kila baada ya kilomita. Ijumaa ni mapumziko kamili, jambo linalowafaa pia waumini wengi wa Handeni na Korogwe kwa sababu ya sala. Jumamosi ni kilomita nane nyepesi, na mwishoni mbio sita za mita 100 kwa kasi nzuri isiyo ya kujikamua.

Jumapili ni mbio ndefu ya wiki, kilomita 14 hadi 16, polepole. Hiyo ndiyo nguzo ya ratiba nzima. Ikibidi kufuta siku moja kwa sababu ya shamba, msiba au mitihani, ifutwe nyingine, hii ibaki.

Kilomita huongezwa kidogo kidogo. Desturi ya makocha wengi ni kutozidisha sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kila wiki ya nne kupunguza ili mwili upumue. Hiyo si sheria ya vitabu vitakatifu, lakini imewaokoa wengi na maumivu ya ugoko na ya kano ya kisigino.

Wakati wa mwezi wa Ramadhani ratiba hii haina budi kubadilika. Kwa mkimbiaji aliyefunga, muda unaofaa kwa mbio nyepesi ni dakika za mwisho kabla ya futari, ili maji na chakula vifuate mara moja. Mazoezi ya kasi yasogezwe usiku baada ya tarawehe, au yapunguzwe kabisa. Mwezi mmoja wa mwendo mwepesi haumpotezei mtu alichojenga kwa mwaka.

Namna ya kukimbia

Kuhusu ufundi wa hatua, mengi husemwa na machache yana uzito. Mwili usimame wima, ukiegemea mbele kidogo kuanzia vifundoni na si kiunoni. Mabega yashuke, viganja visikazwe, na viwiko viende mbele na nyuma badala ya kukata kifua. Macho yatazame mita 20 mbele, si vidoleni.

Kosa kubwa zaidi ni kutupa mguu mbali mbele ya mwili. Mguu ukitua mbele ya goti lililonyooka, kila hatua inakuwa breki, na kishindo chake hupanda hadi gotini na nyongani. Dawa yake ni kufupisha hatua na kuziongeza idadi, ili unyayo utue karibu na chini ya kiwiliwili.

Kocha wa Marekani, Jack Daniels, alihesabu hatua za wakimbiaji katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 na kuona karibu wote wa masafa marefu wakipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Wengi wameifanya namba hiyo kuwa amri, ilhali wale walikuwa mashindanoni na urefu wa miguu hutofautiana. Anayepiga hatua 160 ajaribu 168 kwa wiki kadhaa, aone kama miguu inakuwa myepesi. Hana haja ya kulazimisha 180.

Mwalimu mzuri wa hatua fupi ni kilima. Hakuna anayeweza kutupa mguu mbali mbele huku akipanda kuelekea Vugiri. Kinyume chake, kushuka kwa kasi ndiko kunakoumiza mapaja na magoti, hivyo mtu apande akikimbia na ashuke kwa tahadhari.

Kabla ya mazoezi ya kasi, dakika kumi za kukimbia taratibu, kuinua magoti na kurusha miguu zinafaa kuliko kusimama na kuvuta msuli uliopoa. Mara mbili kwa wiki, mazoezi ya kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja na kuinuka kwa vidole vya miguu hujenga nyonga na ndama, sehemu zinazochoka mapema katika kilomita za mwisho.

Joto na maji

Joto linalohesabiwa kuwa laana ya Handeni na Korogwe lina upande wa pili. Mtu anayefanya mazoezi katika joto kwa siku 10 hadi 14 hupata mabadiliko yanayofahamika kitaalamu: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na mapigo ya moyo hushuka kwa mwendo uleule. Mabadiliko hayo humsaidia mkimbiaji siku ya mashindano yenye joto.

Mashindano ya aina hiyo yamekuwa mengi. Katika Mashindano ya Dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ilihamishiwa Sapporo kwa hofu ya joto, na Simbu alimaliza wa saba. Dhahabu yake ya mwaka 2025 nayo ilipatikana katika asubuhi ya joto na unyevu mwingi. Kijana aliyelelewa katika hali ya bonde la Pangani asione haya kwa alichozaliwa nacho.

Hata hivyo, joto huua. Mbio za Jumapili zianze saa 11:30 alfajiri na ziishe kabla ya saa 2 asubuhi. Dalili za kizunguzungu, kutetemeka huku jua likiwaka, au kuchanganyikiwa ni amri ya kusimama, kukaa kivulini na kumwagiwa maji mwili mzima.

Hapo ndipo Handeni inapokutana na tatizo lake la miaka mingi. Wilaya hiyo imejulikana kwa uhaba wa maji, kiasi kwamba mradi wa HTM hulazimika kuyachota Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasafirisha. Kwa familia inayohesabu ndoo, lita mbili za kijana anayekimbia na ndoo ya kuoga si jambo dogo. Shule inayotaka timu ya riadha haina budi kuanza na pipa la maji safi kabla ya kununua jezi.

Wakati huohuo, kunywa kupita kiasi nako kuna hatari, kwa kuwa maji mengi huzimua chumvi ya damu. Uchunguzi wa washiriki wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionyesha asilimia 13 ya waliopimwa walikuwa na upungufu huo. Kanuni rahisi ni kunywa kadiri ya kiu, na baada ya mbio ndefu kula kitu chenye chumvi.

Chakula, malaria na damu

Mkimbiaji wa wilaya hizi hahitaji unga wa makopo kutoka ng'ambo. Ugali, mihogo, ndizi na viazi hutoa nguvu, maharage na dagaa hujenga misuli, na mchicha huongeza madini ya chuma. Machungwa, yanayolimwa kwa wingi Handeni, huusaidia mwili kufyonza madini hayo, lakini chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Madini ya chuma ni suala zito zaidi kwa wasichana, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Msichana ambaye kasi yake inashuka bila sababu, akichoka hata kwa mwendo mwepesi, apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu. Akikosa hedhi kwa miezi kadhaa, huenda anakula kidogo kuliko anavyokimbia, na mifupa yake iko hatarini.

Malaria nayo si ya kupuuzwa. Korogwe ni mahali ambapo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) imefanya tafiti za ugonjwa huo kwa miaka mingi, na ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya RTS,S. Mkimbiaji mwenye homa hatakiwi mazoezini kwa kisingizio cha kutoa homa kwa jasho. Apime, atibiwe, na arudi kwa siku kadhaa za mwendo mwepesi. Chandarua, pamoja na usingizi wa saa nane ndani yake, ni sehemu ya mazoezi.

Barabara na usalama

Upanuzi wa lami umeleta hatari mpya. Barabara kuu ya Segera, Korogwe na Mombo hupitisha mabasi na malori ya Dar es Salaam na Arusha mchana na usiku, na barabara ya Korogwe hadi Handeni, yenye kilomita 65, ina magari na bodaboda ziendazo kasi.

Anayelazimika kuitumia akimbie upande wa kulia ili aone magari yanayomjia, avae nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa, na asizibe masikio kwa muziki. Wasichana wakimbie kwa makundi na katika njia zinazojulikana na wazazi wao. Kundi lina faida nyingine pia, kwani asubuhi ya mvua ni vigumu kubaki kitandani huku wenzako wakisubiri mlangoni.

Kuhusu viatu, raba za mtumba zinafaa mradi hazijapinda kisigino na zinamkaa mtu bila kumbana. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Hata hivyo, aliyezoea viatu asivivue kwa siku moja na kukimbia kilomita kumi, kwani nyayo nazo zinahitaji wiki nyingi za kuzoea.

Wiki tatu za UMISSETA

Yote hayo yanaweza kuandikwa ukutani na yasibadilishe kitu kama mfumo utabaki ulivyo. Kwa kijana wa sekondari, mlango mkuu wa riadha ni mashindano ya UMISSETA, kama UMITASHUMTA ilivyo kwa shule za msingi. Maandalizi yake mara nyingi ni ya kambi fupi. Kambi ya wiki mbili au tatu inaweza kuchagua aliye na kasi, lakini haiwezi kumjenga mkimbiaji wa masafa marefu, kwa sababu moyo na mishipa hujengwa kwa miezi na miaka.

Pengo la pili huja baada ya kidato cha nne. Kijana akimaliza shule hana timu. Wachache hupata nafasi katika majeshi, njia ambayo Bayi, Juma Ikangaa na Simbu wote waliipita. Wengine huingia kwenye bodaboda, vibarua vya mkonge au safari ya kwenda Dar es Salaam, wakiwa na miaka 18 au 19, umri ambao mkimbiaji wa mbio ndefu ndiyo kwanza anaanza.

Hata kanuni za kimataifa zinautambua umri huo, kwani walio chini ya miaka 20 hawaruhusiwi kukimbia marathoni katika Mashindano ya Dunia. Kumpeleka mtoto wa miaka 16 kwenye kilomita 42 kwa ajili ya bahasha ya zawadi ni kuuza mbegu kabla ya msimu.

Mwalimu wa shule

Nani wa kuziba pengo hilo? Kenya ilipata jibu moja kwa bahati. Mwaka 1976 mtawa wa Kiayalandi, Colm O'Connell, alifika Shule ya Sekondari ya St Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa mtaalamu wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake, akakaa, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016.

Iten ilikuwa na mwinuko tangu enzi na enzi. Kilichoongezeka ni mwalimu aliyekaa miaka mingi mahali pamoja na kuwafuatilia vijana walewale msimu hadi msimu.

Korogwe ina chuo cha ualimu. Kozi fupi ya riadha kwa walimu wanafunzi wake, ikiendeshwa kwa ushirikiano wa halmashauri na chama cha riadha cha mkoa, ingegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya jukwaa la uwanja. Halmashauri za Handeni na Korogwe zingeweza pia kuandaa mbio za nyika za kila mwezi, kwa zamu, katika mashamba na vilima vilivyopo, zikiwa wazi kwa wanafunzi na kwa waliomaliza shule. Kalenda hiyo peke yake ingempa kijana wa miaka 19 sababu ya kuamka Jumapili alfajiri.

Upande mwingine wa hoja hii haufai kufichwa. Ikiwa atapatikana kijana wa kiwango cha taifa, itafika siku atalazimika kupanda juu ya mita 2,000 kwa wiki kadhaa, na Lushoto mjini hapatamtosha. Lakini huyo atahitaji nauli ya kambi, si kisingizio, na hawezi kupatikana kama hakuna aliyemlea kabla ya hapo.

Miaka minane

Historia ya riadha ya Tanzania inafundisha kwamba ushindi hukomaa polepole. Ikangaa alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Mwezi Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01, ambayo ilikuwa rekodi ya njia hiyo.

Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hakuingia kumi bora. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Dhahabu ya Tokyo ilimkuta akiwa na umri wa miaka 33, miaka minane baada ya medali yake ya kwanza ya dunia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sehemu tatu za mia za sekunde hazikupatikana uwanjani Tokyo pekee. Zilikusanywa katika maelfu ya asubuhi ambazo hakuna aliyezipiga picha, nyingi zikiwa za mwendo wa taratibu. Asubuhi za namna hiyo zipo Handeni na Korogwe pia, na swali lililo mbele ya halmashauri, shule na wazazi ni kama wako tayari kumsubiri kijana miaka minane.